Tunangoja Nini? Maoni juu ya Barua ya Papa Benedikto wa 16 inayohusu Matumaini



Mwaka mmoja, wakati wa mvua, tulimzika mtoto wa parokia yetu. Alikuwa na miaka minne. Padri alikuwa safarini kutembelea vijiji vingine, kwa hiyo mimi mwalimu niliongoza sala za maziko, kama ilivyo desturi yetu. Tulipokwisha kufukia kaburi, tukasali Baba Yetu. Watu walipoanza kurudi, baba ya mtoto akanishika mkono, akaniuliza: "Mwalimu, kila siku tunamwomba Mungu Ufalme wake ufike. Babu yangu aliomba hivyo, baba yangu aliomba hivyo, na mimi naomba. Unafika lini? Ao tunangoja nini?"

Nikamjibu upesi, kama mtu anayetaka kumaliza mazungumzo: "Mtoto wako yuko mbinguni, usilie." Jibu hilo si la uongo. Lakini nilipomtazama usoni niliona kwamba sikujibu swali lake. Hakuniuliza mtoto yuko wapi. Aliniuliza habari ya Ufalme. Swali hilo lilinisumbua siku nyingi, nalo ndilo lililonirudisha kwenye barua niliyokuwa nimeisoma zamani bila kuitafakari vya kutosha: barua ya Papa Benedikto wa 16 juu ya matumaini. Leo nataka kueleza barua hiyo inatusaidia wapi, na mahali gani inatuacha bado na kiu.

Pengine mmoja wenu atasema: Katekista ni nani hata apime barua ya Papa? Ana haki ya kuuliza. Mimi simpimi Baba Mtakatifu kama mwalimu anavyosahihisha daftari la mtoto. Mafundisho ya imani nayapokea yote. Lakini barua ni kazi ya mwandishi pia. Mwandishi anachagua mfano huu, anauacha ule. Anakawia hapa, pale anapita mbio. Msomaji anaweza kusema kwa heshima: hapa nimeshiba, hapa sijashiba.

I. Barua yenyewe

Papa aliitia sahihi barua hii tarehe 30 Novemba 2007, siku kuu ya Mtakatifu Andrea Mtume. Ilikuwa barua yake ya pili kwa Kanisa lote. Ya kwanza ilikuwa juu ya mapendo. Jina lake kwa Kilatini ni Spe salvi. Maneno hayo yametoka katika barua ya Mtakatifu Paulo kwa Waroma, mahali anapofundisha kwamba tumeokolewa kwa matumaini. Si kitabu kikubwa: ina sehemu ndogo 50. Mimi niliisoma kwa Kifaransa, jioni baada ya kazi, nikiandika pembeni maswali ambayo wakristu wetu wangeuliza.

Aliyeiandika alifariki tarehe 31 Desemba 2022, lakini swali analolijibu halikuzeeka. Analiweka wazi tangu mwanzo: Je, imani yetu ni habari tu ya kujua, ao inageuza maisha ya mtu? Kisha anaikumbuka ibada ya ubatizo. Padri anawauliza wazazi wanaliomba Kanisa kitu gani. Wanajibu wanaomba imani. Tena anauliza imani inawapa nini. Wanajibu uzima wa milele. Hapo Papa anafanya jambo ambalo wahubiri wengi wanaliogopa. Anauliza: Je, kweli tunautaka uzima huo? Anakiri kwamba kwa watu wengi uzima wa milele unaonekana kama kuishi bila mwisho maisha haya haya yenye taabu, na ni nani anayetaka hivyo? Ndipo anaeleza kwamba uzima wa milele si siku nyingi zilizopangwa mstari. Ni kuzama katika mapendo ya Mungu, mahali pasipo kabla wala baadaye.

Nilipofundisha maneno hayo kwa watu wazima wanaojitayarisha kubatizwa, mama mmoja alicheka akasema: "Kumbe! Mimi nilidhani mbinguni ni kukaa kwenye benchi na kuimba tu." Wote wakacheka, lakini nadhani si yeye peke yake aliyefikiri hivyo.

II. Mwanamke wa Darfur

Kwa mfano wa kwanza wa matumaini, Papa hakuchagua mwenye elimu. Alichagua mtumwa mwafrika, Yosefina Bakhita. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Darfur, katika Sudani. Alipokuwa na miaka karibu tisa aliibwa na wauza watumwa, akapigwa hata damu ikatoka, akauzwa mara tano katika masoko. Kwa bwana mmoja, jemadari wa jeshi, alipigwa fimbo kila siku; mpaka kufa kwake alibaki na makovu 144. Mwaka 1882 alinunuliwa kwa ajili ya balozi wa Italia, na baadaye akafika Italia. Huko akamjua Bwana mwingine, aliye juu ya mabwana wote, ambaye naye alipigwa mijeledi, tena anamjua Bakhita kwa jina na kumpenda. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadiri katika shirika la masista Wakanosa tarehe 8 Desemba 1896, akafa mwaka 1947. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Mfano huu ni mzuri sana, na sisi tunaosema Kiswahili tunauelewa upesi kuliko wengine. Kwetu neno Bwana ni moja: mwenye watumwa aliitwa bwana, na Yezu tunamwita Bwana. Tena lugha yenyewe tunayosalia ilifika Maniema pamoja na misafara ya watu waliokuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Nyangwe na Kasongo ni majina ambayo wazee wetu hawakuyasahau. Mapadri Weupe waliokaa kando ya Ziwa Tanganyika walianza na watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Kwa hiyo Bakhita si hadithi ya mbali. Ni kama bibi yetu mwenyewe.

Lakini hapa nina neno la kwanza la kusema juu ya barua. Papa anaeleza kwamba Yezu hakuwa kama Spartako, yule mtumwa wa Kiroma aliyeongoza vita. Yezu hakuleta vita vya watumwa. Alileta kitu kikubwa zaidi, kinachogeuza dunia kutoka ndani. Anatoa mfano wa Onesimo, mtumwa aliyetoroka, ambaye Mtakatifu Paulo alimrudisha kwa bwana wake Filemoni, lakini apokelewe kama ndugu. Ni kweli, na ni mafundisho ya kina. Msomaji wa kwetu, hata hivyo, anaweza kukwama hapo. Anaweza kuuliza: Basi, je, mtumwa abaki mtumwa, mradi moyo wake una matumaini?

Jibu limo katika maisha ya Bakhita mwenyewe, ila barua haikulisimulia. Inasema tu kwamba walipotaka kumrudisha Sudani, alikataa. Haielezi jinsi alivyoweza kukataa. Jambo lilipelekwa mbele ya wakubwa wa sheria huko Venezia, na tarehe 29 Novemba 1889 wakaamua kwamba Bakhita ni mtu huru, kwa sababu sheria ya Italia haikukubali utumwa. Masista waliomfundisha dini walisimama upande wake. Angalieni basi: matumaini yalimpa nguvu ya kusema hapana mbele ya watu wakubwa, na sheria ya haki ilimfungulia mlango. Kama sheria hiyo isingekuwapo, hapana yake ingemletea fimbo nyingine. Nasikitika kwamba habari hiyo fupi haikuingia katika barua, maana ingemfundisha msomaji kwamba matumaini ya mbinguni na kazi ya haki duniani hutembea pamoja, kama mguu wa kuume na wa kushoto.

III. Matumaini ya uongo

Sehemu ya katikati ya barua ni ngumu. Papa anaeleza jinsi watu wa Ulaya walivyohamisha matumaini yao polepole. Kwanza waliyatia katika elimu na ufundi: anamtaja Francis Bacon, mwenye elimu wa Uingereza. Kisha wakayatia katika siasa: anataja mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, halafu Karl Marx. Juu ya Marx anasema neno la haki. Anakiri kwamba alieleza kwa ukali na kwa akili taabu za wafanyakazi wa wakati wake. Lakini alidhani kwamba mali ikipangwa vizuri, mtu naye atakuwa mwema. Alisahau kwamba mtu ana uhuru, na mwenye uhuru anaweza kuchagua ubaya hata ndani ya nyumba nzuri.

Mkulima wa kwetu hatazifuata kurasa hizi kwa urahisi, maana wale wenye elimu hawajui. Hiyo si kosa kubwa. Ni kazi yetu makatekista kutafuta mifano ya kwetu. Nayo haikosekani.

Wazee wetu wanasimulia jinsi walivyoingoja siku ya 30 Juni 1960. Uhuru ulikuwa jambo jema na la haki, nani atakataa? Lakini wengine waliungoja kama Ufalme wa Mungu wenyewe: kodi zitakwisha, jasho litakwisha, kila mtu atakuwa bwana. Haikuwa miaka minne, na mwaka 1964 vijana wengi wa mashariki wakaingia katika vita vya Simba wakiamini kwamba dawa waliyopewa itageuza risasi kuwa maji. Risasi hazikugeuka maji. Vijana walikufa, na watu wasio na kosa walikufa pia. Tangu hapo tumesikia ahadi ngapi? Kila jeshi jipya limekuja likisema limeleta ukombozi.

Leo kuna manabii wa namna nyingine, wenye vipaza sauti kando ya barabara. Hawaahidi Ufalme wa siasa. Wanaahidi gari, nyumba, viza na bwana arusi, kwa mtu atakayeleta sadaka mbele. Wengine wanataja hata tarehe ya mwisho wa dunia, na tarehe ikipita wanataja nyingine. Tusiwacheke wanaowafuata. Mtu mwenye njaa anapenda kusikia habari ya chakula. Kama wanakwenda huko, pengine ni kwa sababu sisi tumewajibu kama mimi nilivyomjibu yule baba makaburini.

Hapa barua inatupa dawa nzuri. Papa anafundisha kwamba tuna haja ya matumaini madogo: mavuno, afya, mtoto kumaliza masomo, amani katika nchi. Si dhambi kuyatumaini. Lakini hayo hayatoshi, maana kila dogo likipatikana moyo unataka lingine. Tunahitaji tumaini kubwa lisiloweza kuanguka, nalo ni Mungu peke yake. Anaongeza neno ambalo nimewaandikisha watoto wa katekismu kwa maneno yangu: kila kizazi lazima kichague upya mema. Baba mwema hawezi kumwachia mtoto wema kama anavyomwachia shamba. Serikali nzuri na sheria nzuri zinasaidia sana, lakini haziwezi kufanya kazi ya moyo badala ya moyo.

IV. Hukumu ni habari njema

Kwangu mimi, sehemu bora ya barua ni ile ya Hukumu ya mwisho. Sisi tumezoea kuiogopa Hukumu. Papa anaikumbuka desturi ya makanisa ya zamani: upande wa mashariki walichora Bwana anayerudi kama mfalme, na upande wa magharibi, penye mlango, walichora Hukumu ya mwisho, ili mtu anapotoka kurudi katika kazi zake za kila siku aione. Anasema picha hiyo haikuwa ya kutisha tu. Ilikuwa picha ya matumaini.

Kwa nini? Kwa sababu bila Hukumu, machozi ya waliodhulumiwa yangemwagika bure. Ni nani atakayewalipa waliokufa zamani? Hata kama kesho nchi yetu ikipata haki kamili, haki hiyo haitamfufua mtu aliyeuawa jana. Papa anasema kwamba swali la haki ndilo, kwa maoni yake, sababu yenye nguvu kuliko zote ya kuamini uzima wa milele. Mungu peke yake anaweza kuwafikia waliokufa na kuwarudishia haki yao. Ndiyo maana ufufuko wa mwili ni lazima.

Tena anaongeza, akimkumbuka mwandishi wa Urusi, Dostoevsky, kwamba neema haifuti haki. Mwuaji na aliyeuawa hawataketi karamuni bega kwa bega kana kwamba hakuna jambo lililotokea. Fikirieni, wasomaji wapenzi, habari ya Mwenye heri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alitunza nadiri yake. Alimsamehe aliyemwua. Je, kusamehe kwake kulifuta uovu? Hapana. Kulifungua mlango ili mwuaji naye aweze kutubu. Kutubu si kusahau. Ni kuingia katika moto wa macho ya Kristu. Hivyo ndivyo Papa anavyoeleza toharani: kukutana na Bwana ambaye akitutazama anaunguza uongo wetu wote, nasi tunaumia, lakini kwa maumivu hayo tunaponywa.

Katika vijiji vyetu, ambako mtu anaweza kukutana sokoni na yule aliyechoma nyumba yake, hakuna mafundisho yenye faida kuliko haya. Anayesema "samehe" bila kutaja haki anamwonea mjane. Anayesema "haki" bila kutaja msamaha anaandaa vita vya kesho. Barua hii inashika yote mawili. Kwa ajili ya kurasa hizi tu, inastahili kusomwa katika kila parokia.

V. Kinachopungua

Sasa nirudi kwenye swali la baba ya mtoto. Ufalme unafika lini?

Barua inajibu, lakini kwa maneno machache mno. Inasema kwamba Ufalme wa Mungu si nchi ya kuwaziwa tu, iliyo mbali baada ya kufa. Uko kila mahali Mungu anapopendwa na mapendo yake yanapotufikia. Tena inasema kwamba hatuwezi kuujenga Ufalme kwa nguvu zetu, ni zawadi. Halafu inasema kwamba kila tendo la haki na la bidii ni matumaini yanayofanya kazi. Maneno matatu ya kweli. Lakini Papa anayapita upesi, na mifano yake mikubwa ya matumaini ni ya watu walio gerezani ao katika mateso: Kardinali Nguyen Van Thuan wa Vietnam, aliyefungwa miaka 13, miaka 9 kati ya hiyo akiwa peke yake, Paulo Le-Bao-Tinh, shahidi wa nchi hiyo hiyo. Ni mifano mitakatifu. Lakini mtu asiyefungwa, anayeamka asubuhi na kwenda ofisini, sokoni ao shambani, matumaini yake yana sura gani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema jambo hilo wazi katika hati yake juu ya Kanisa katika dunia ya leo, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965. Unafundisha kwamba kungoja dunia mpya kusitulegeze katika kuitunza dunia hii, bali kutuongezee bidii. Na kwamba maendeleo ya dunia si Ufalme wenyewe, lakini yanauhusu sana Ufalme kama yanasaidia watu kuishi vema. Papa Benedikto aliujua Mtaguso huo vizuri, maana akiwa padri kijana alikuwa mmoja wa wenye elimu walioushauri. Lakini katika barua hii yote hakutaja maandiko yake. Wasomaji wengi waliliona jambo hilo, nami ni mmoja wao. Nadhani aliogopa kosa la wale wanaogeuza Ufalme kuwa siasa. Woga huo una sababu. Lakini kwetu kuna kosa jingine ambalo ni kubwa vile vile: kuufanya Ufalme uwe wa wafu tu.

Mfano unaopungua upo, tena ni wa mwaka ule ule, na wa kwetu. Miezi minne hivi na nusu kabla Papa hajatia sahihi barua yake, huko Goma aliuawa kijana wa miaka 26, jina lake Floribert Bwana Chui. Alikuwa amesoma sheria, akafanya kazi katika ofisi ya serikali inayopima bidhaa zinazopita mpakani. Alikuwa pia katika Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa barabarani. Ulifika mchele ulioharibika. Wenye mali wakataka upite, wakamletea rushwa. Alikataa. Mchele ule ungeliwa na nani, kama si na maskini? Mwezi wa Julai 2007 akatekwa, akateswa, akauawa. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana wetu huko Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenye heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta.

Papa Benedikto hakuweza kumtaja, maana wakati ule habari yake haikujulikana mbali. Siandiki hili ili kumlaumu. Naliandika ili tuisome barua yake pamoja na maisha ya kijana huyu, kama mtu anavyokula bukari pamoja na sombe. Barua inasema Mungu atawapa haki wadogo. Floribert aliwapa haki wadogo siku ile ile, kwa kalamu na mhuri. Barua inasema Ufalme ni pale mapendo ya Mungu yanapotufikia. Siku ile yaliwafikia watu wa Goma kwa njia ya karatasi isiyotiwa sahihi. Hawakujua hata kidogo. Walikula chakula kingine jioni, wakalala, wakaamka wazima.

Nani atasema kwamba siku hiyo Ufalme haukufika? Ulifika. Haukufika wote, maana aliyekataa rushwa aliuawa, na rushwa bado ipo. Lakini ulifika kweli, kama mbegu inavyofika udongoni.

VI. Namna mbili za kungoja

Nikitafakari haya yote, naona kuna namna mbili za kungoja. Kuna kungoja kwa msafiri anayekaa kando ya barabara akingoja lori. Hana kazi. Lori likichelewa analala. Likikawia sana anakata tamaa na kurudi nyumbani, ao anapanda gari lolote linalopita, hata kama linakwenda mahali pengine. Ndivyo wanavyongoja wengi wetu Ufalme wa Mungu, na ndiyo maana wanapanda magari ya manabii wa uongo.

Na kuna kungoja kwa mkulima aliyekwisha kupanda. Bwana wetu alitupa mfano huo: mtu anatupa mbegu, analala, anaamka, na mbegu inakua bila yeye kujua namna gani. Mkulima hawezi kuyavuta maharagi kwa mkono ili yakue upesi. Akifanya hivyo atayang'oa. Kukua ni kazi ya Mungu. Hapo Papa Benedikto ana haki kabisa: Ufalme ni zawadi. Lakini mkulima hakai bure. Anapalilia, anafukuza mbuzi, anatazama mawingu. Na yule asiyepanda, tusidanganyike, huyo hangoji mavuno. Anakaa tu.

Mwisho wa barua yake Papa anaandika jambo linalolingana na hili. Mtu asiulize tu: Mimi nitaokokaje? Aulize pia: Nifanye nini ili wengine nao waokoke, na nyota ya matumaini iwazukie? Hata sala yetu kwa marehemu, anasema, haipotei, maana maisha yetu yameshikamana.

Mwaka uliopita nilipita tena karibu na nyumba ya yule baba. Nilimkuta akichimba mfereji mdogo wa kuondoa maji mbele ya kisima cha jirani yake, mjane. Tukasalimiana, nikaketi juu ya jiwe. Nikamwambia: "Baba, siku ile uliniuliza swali, nami sikulijibu." Akasimama, akaegemea jembe. Nikamwambia niliyowaandikia ninyi leo, kwa maneno mafupi: kwamba mtoto wake hakupotea, maana Mungu atamrudishia haki ya miaka yake, na kwamba Ufalme umeanza kufika, kidogo kidogo, mahali mtu anapofanya haki kwa ajili ya Mungu, na kwamba siku moja Bwana mwenyewe atakuja kuumaliza, wala hapana mtu anayejua tarehe.

Akakaa kimya. Kisha akasema: "Basi ni kama shamba." Nikasema: "Ndiyo, ni kama shamba." Akashika tena jembe lake, maana mvua ilikuwa karibu. Nami nikavua koti langu, nikamsaidia mpaka mfereji ukafika barabarani.